Maswali Niliyomuuliza Mwanaharusi

Wanangu mnaokuja kukaa barazani kwangu hapa Makorora na madaftari yenu, kwanza nawaomba jambo moja: acheni kuniita kocha. Juzi kijana mmoja alinitambulisha kwa mwenzake, "Huyu bibi alikuwa kocha wa maisha kabla kazi hiyo haijajulikana mjini." Mwenzake akanitazama miguu. Mimi sijawahi kupiga mpira. Nilikuwa afisa mafunzo katika kiwanda cha kamba na magunia ya katani, miaka ishirini na mitatu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuja kuwa kukaa na watu wazima waliokwama, nikiwauliza maswali mpaka wao wenyewe waone pa kutokea. Kazi hiyo niliiweza. Sisemi kwa kujisifu. Mtaona mbele kwamba ningekuwa siiwezi, kuna mtu mmoja nisingemdhuru.

Mnaniuliza nilijifunza wapi. Chuoni sikujifunza. Nilitoka chuoni na cheti kipya na viatu vya kisigino, nikiamini kwamba mafunzo ni kusema, na kwamba anayesema zaidi ndiye anayefundisha zaidi. Somo langu la kwanza kiwandani lilikuwa usafi kazini. Niliwakusanya wanawake wa sehemu ya kusokota kwenye bwalo la chakula, nikasema saa nzima. Nikachora mikono ubaoni. Nikawaambia kila mmoja anawe kwa sabuni kabla ya kula na kila amalizapo kushika grisi. Nikauliza kama kuna swali.

Mwanamke mmoja mwembamba, kitambaa chake cha kichwa kimejaa singa za katani, akanyanyua mkono.

"Bi Afisa, somo tumelielewa, hatuna neno. Ila hiyo sabuni, tuje tuichukue ofisini kwako au utatuletea hapa?"

Bwalo zima lilicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni kuja kutazama. Ninyi hamkuiona miaka ile. Duka lilikuwa na rafu, lilikuwa na muuzaji, bidhaa ndiyo hapana. Unga ukija ni ule wa njano, na tulipanga foleni tangu alfajiri. Sabuni tuliisikia redioni. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimefulia majani ya mpapai, na bado nilisimama mbele ya watu nikahubiri sabuni.

Yule mwanamke aliitwa Mwanaharusi Bakari, Mdigo wa Moa, mhudumu wa mashine namba saba. Jioni alinifuata kwenye korido kuniomba radhi. "Usinichukulie vibaya, Bi Saumu. Mdomo wangu hautulii." Nikamwambia hakuna ubaya. Tangu siku hiyo tulikuwa tukisalimiana vizuri, na kila nikimwona nilikumbuka kupunguza maneno.

Aliyenifundisha hasa ni Mzee Faki Hamadi, fundi mkuu wa karakana. Mpemba wa Konde, mfupi, mkali, aliyekaa Tanga miaka zaidi ya thelathini na bado akasema Kipemba kama aliyeshuka jana. Vipuri havikuwa vikija. Mashine zetu zilikuwa za zamani, na kila ikiharibika moja, yeye ndiye aliyechonga kitu kutoka chuma cha nyingine. Meneja akaogopa: huyu mzee akifa, tumekwisha. Akanituma niandike kitabu cha kanuni zake.

Nikamwendea na kalamu yangu. "Shikamoo Mzee Faki. Nimekuja unipe kanuni zako za kazi."

"Marahaba. Kanuni gani?"

"Za kujua mashine imeharibika nini."

Akanichukua mpaka katikati ya ukumbi wa kusokota, mashine zote zikiwa zinakwenda, akanisimamisha. "Sikiza."

"Nasikia kelele, Mzee."

"Kelele sizo. Chagua mlio mmoja, ukae nao."

Akaondoka zake. Nilisimama pale na visigino vyangu karibu saa nzima, wafanyakazi wakinicheka. Mwanzo ilikuwa ghasia tupu. Kisha nikasikia kishindo fulani, kidogo, kinarudi kila baada ya muda ule ule. Nikakishika. Kila akili ilipokwenda kwingine nilikirudia, na mwishowe nikakifuata kwa miguu mpaka kwenye mkanda uliochanika wa mashine ya pili kutoka ukutani. Mnaonilalamikia kwamba hamwezi kusoma kurasa mbili bila kushika simu, sina dawa nyingine zaidi ya hiyo. Ghasia haitanyamaza kwa ajili yenu. Chagueni mlio mmoja.

Kitabu sikukiandika siku ile. Nikaanza kwenda karakana kila wiki kukaa tu na kumtazama. Fundi alikuwa akija mbio, "Mzee, namba nne imekwama!" Mzee Faki hanyanyuki. "Waona nini?" Fundi anasema anaona mkanda umelegea. "Na kingine?" Anakwenda kutazama, anarudi na kingine. "Ushafanya nini?" Anataja. "Sasa wataka kuanza na lipi?" Kisha ananyamaza, anafuta spana kwa kitambaa, na ukimya huo ulikuwa mzito kuliko karipio. Mara nyingi fundi alijijibu mwenyewe akarudi kazini, akidhani ni yeye aliyegundua. Na kweli ni yeye.

Nikagundua kwamba hasemi kamwe "kwa nini". Nikamuuliza.

"Mtu mzima ukimuuliza kwa nini, yuwajitetea," akasema. "Anajitetea, mashine yangoja."

Hilo nililiandika.

Katika kukaa kule ndipo nilipomwona Mwanaharusi tena. Wenzake wakienda kunywa uji, yeye alikuwa akija kusimama karibu na meza ya Mzee Faki. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Siku moja mashine yake mwenyewe ilikuwa imefunguliwa na mafundi wawili hawakuona kitu. Mzee Faki akamgeukia. "Weye, waona nini?"

"Sioni kitu, Mzee. Ila tangu jana nasikia beringi ya chini inalia."

Wakaifungua ya chini. Ilikuwa kavu, imeanza kula chuma. Mzee Faki hakumsifu. Aliniambia mimi, kana kwamba yeye hayupo, "Huyu ana sikio." Kuanzia hapo akamwachia spana. Miaka mitatu Mwanaharusi alikuwa akifungua na kufunga mashine wakati wa mapumziko yake, na mafundi wakamzoea, na mikono yake ikawa na alama za grisi zisizotoka. Mimi ndiye afisa mafunzo. Ilikuwa kazi yangu kuliandika jambo lile kwenye faili lake, apewe mtihani, apewe daraja. Nilisema nitaliandika. Nilisema hivyo kila mwaka.

Kisha mambo yakafunguliwa. Ikawa ruksa. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, mitumba ikashuka kwa marobota, na pamoja nayo zikaja kamba za plastiki na viroba. Mwenye mahindi hakutaka tena gunia la katani. Tukafanya kazi siku nne kwa wiki, kisha tatu. Tukaambiwa kiwanda kitauzwa, na kabla hakijauzwa nusu yetu lazima watoke.

Akaletwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam kutufundisha siku tatu namna ya kuzungumza na mtu anayepoteza kazi. Alikuwa na chati za rangi. Nilipomsikiliza, nikaona nusu ya aliyoyasema nilishayaona karakana: uliza, nyamaza, usimpe mtu jibu lako, mwache ataje mwenyewe hatua moja ndogo na siku ya kuifanya. Mengine nilijifunza kwa kukosea. Usikae ng'ambo ya meza, kaa upande wake, mtazame dirisha moja. Mlango uwe nusu wazi, mtu asijione amefungiwa. Na yale maswali ya kwenye chati, yapikeni upya kabla ya kumpa mtu. Niliambiwa nimuulize kila mmoja, "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Nikamuuliza mlinzi wetu wa getini. Akanishangaa.

"Najiona pale pale Ngamiani, Bi Saumu. Kwani nyumba itakwenda wapi?"

Swali nikalitupa. Badala yake nikawa nauliza, "Ukiwa likizo, ni kazi gani unayoifanya bila kutumwa na mtu?" Mzee Shemhilu, karani wa mishahara, mtu aliyekuwa akilia machozi ofisini kwangu, aliposikia swali hilo akaacha kulia. Akaanza kunieleza iliki za marehemu baba yake kule milimani karibu na Amani, namna zinavyopenda kivuli, namna ya kuzikausha zisipoteze rangi. Alisema nusu saa. Mwisho nikamuuliza atafanya nini kabla ya Ijumaa. Akasema atamwandikia kaka yake barua. Mwaka uliofuata nililetewa kifuko cha iliki, na chai yangu ilinukia miezi.

Kwa hiyo sifa zikaenea. Watu waliingia kwangu wameinamisha vichwa wakatoka wamevinyanyua. Nikaanza kujiona. Nasema wazi: nikaanza kujiona.

Jumatatu moja meneja aliniita. Karakana itabakisha mtu mmoja, akaniambia, akae na Mzee Faki mwaka wake wa mwisho achukue kazi yote kichwani mwake. Mnunuzi yeyote atakayekuja atamhitaji mtu huyo. "Wewe ndiye unayewasikiliza watu. Niletee jina Ijumaa."

Nilipotoka mle ofisini nilikuwa na jina moja tu kichwani, na lilikuwa Mwanaharusi. Wallahi lilikuwa hilo.

Jumanne mama yangu akashuka kutoka Mkwaja na kikapu cha samaki wakavu. Alikuwa amesikia habari za orodha ya watakaopunguzwa kazini. Athumani, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa mshika stoo pale pale kiwandani, na alikuwa miongoni mwa wanaotoka. Mama hakunywa hata maji.

"Saumu, mwanamke mwenye ofisi anashindwaje kumweka nduguye mmoja?"

"Mama, ofisi si yangu."

"Sikukuuliza ya nani."

Akakaa kwangu siku zote zile. Alikuwa hasemi tena. Alikuwa akinipikia, akiniwekea chakula mbele, akinitazama.

Jumatano ilikuwa zamu ya Mwanaharusi. Aliingia amevaa kanga mpya, mikono ameisugua mpaka ikawa myekundu, na hata kabla hajakaa akasema, "Bi Saumu, mimi sikuja kulia. Nimesikia kuna nafasi karakana. Naitaka."

Angekuwa mtu mwingine ningemuuliza kinachomvuta huko, nikanyamaza, akasema, tukamaliza. Badala yake nikavuta kiti, nikakaa upande wake, mlango nusu wazi, sauti chini, adabu zote za kazi.

"Hilo jambo zuri," nikamwambia. "Hebu tulitazame pande zote. Mama yako huko Moa anaendeleaje?"

"Miguu inamsumbua bado."

"Karakana ikikuhitaji mpaka jioni, na Jumamosi, nani atakayekwenda kumtazama?"

Akafikiri. "Itabidi nipange."

"Na Mzee Faki akishastaafu, utabaki na mafundi wanaume watupu. Siku hiyo unajiona vipi?"

"Nitazoea. Wananijua."

"Na mumeo, akisikia maneno ya watu, unadhani atayachukuliaje?"

Hapo akatazama chini. Nikaona nimepapata. Ninyi mtakaoifanya kazi hii mtajifunza kupaona pale mtu anapotikisika, na mtakapopaona ndipo mtajulikana ninyi ni nani. Mimi niliongeza.

"Mwenye kiwanda mpya akija na mafundi wake mwenyewe, utakuwa umepata nini?"

Kimya. Kimya kile nilikiacha kirefu, kama nilivyofundishwa.

"Na ukitazama mambo ambayo yatakuwa mikononi mwako mwenyewe, lipi linakuja kichwani?"

"Wenzangu wanakwenda kuuza mitumba Mgandini," akasema polepole.

"Ukiifikiria hiyo, moyo unakuwaje?"

"Angalau itakuwa yangu."

"Kwa hiyo wewe mwenyewe waonaje?"

Akakaa, akavigeuza viganja vyake akavitazama. "Naona bora mitumba." Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, Bi Saumu. Nisingekaa na wewe, ningejitia kwenye makubwa."

Alipotoka nikajaza fomu. Penye maelezo nikaandika: *Ameamua mwenyewe.*

Chukueni maswali yale mkayasome moja moja, hamtaona kosa. Yote ni maswali ya mtu mwenye huruma. Ubaya ni kwamba jibu nilikuwa nalo kabla hajakaa kitini. Ningemwambia tu, "Mwanaharusi, nafasi ile nataka kumpa mdogo wangu," angegombana nami, angekwenda kwa meneja, labda angeshinda. Nilimnyang'anya hata ugomvi wake.

Ijumaa nikapeleka jina la Athumani. Saa hiyo hiyo Mzee Faki akaja ofisini kwangu, mara ya kwanza tangu tujuane. Hakuvuka kizingiti.

"Mwanaharusi kanambia hataki karakana. Ulimuuliza nini?"

Nikamweleza maswali yote, moja baada ya moja, kwa utaratibu, nikijidanganya kwamba yakisikika vizuri yatakuwa mazuri.

"Na jina la nani limekwenda kwa meneja?"

Nikamwambia.

"Mimi nikikuona wakaa na watu, nilidhani kuna kitu umekichukua kwangu," akasema. "Kumbe umekichukua kweli." Akaondoka.

Karatasi yenye jina la Athumani ilikaa kwa mpiga chapa tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Ofisi yake ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwangu. Ningeweza kuingia nikaichukua, nikaandika jina jingine, hakuna ambaye angeuliza. Nimeiwaza ile milango mitatu kuliko kitu kingine chochote katika maisha yangu. Nilikwenda nyumbani, mama yangu akapika wali wa nazi, tukala, akafurahi.

Mzee Faki hakunishtaki kwa mtu. Aliendelea kuitikia shikamoo yangu mpaka siku aliyopanda meli kurudi Pemba, marahaba tu, bila neno la pili.

Athumani alikaa karakana miezi tisa. Hakuwa mvivu, mikono yake tu haikuzipenda mashine. Siku moja akaacha funguo mezani akaenda kuwa tandiboi kwenye malori ya Arusha. Mnunuzi alipokuja hatimaye, akauliza nani anazijua mashine hizi, hakupatikana mtu. Akazima sehemu ya kusokota. Sisemi kwamba Mwanaharusi angekiokoa kiwanda. Viroba vingekuja tu. Nasema kwamba swali lile liliulizwa, na mtu wa kulijibu alikuwa nusu saa kwa miguu, Mgandini, anakunja suruali za watu wa Ulaya.

Nilipita kwenye meza yake mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua gauni la mtoto bila kuomba kupunguziwa. Mara ya pili alinishika bega akawaambia wenzake, "Huyu ndiye dada aliyenifungua macho. Mkikwama, nendeni kwake." Baada ya hapo nikawa nazunguka barabara nyingine. Baadaye nikasikia biashara imemshinda, mumewe ameoa kwingine, naye amerudi Moa kumuuguza mama yake. Sikwenda kumpa pole. Miaka kumi na mmoja ikapita.

Kilichonifanya niende ni Athumani. Nilikuwa nimeshastaafu, mama yetu amefariki, tumemaliza arobaini yake Mkwaja, ndugu wote tumekaa uani tunakumbushana ya zamani. Nikasema, nusu kwa utani, kwamba mama alinifanya nitende jambo baya ili Athumani apate kazi.

Athumani akaweka kikombe chini. "Kazi ipi, ile ya karakana? Dada, mimi ile kazi sikuitaka. Tangu mwanzo nilitaka malori. Niliichukua kwa sababu wewe na mama mlikuwa mmefurahi mno."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Mimi, niliyewauliza watu wa kiwanda kizima.

Wiki ile ile nikapanda basi la Horohoro, nikashukia njia panda, nikachukua baiskeli ya kukodi mpaka Moa. Haya yaliyobaki sina somo la kuyatolea. Nawaeleza yalivyokuwa.

Nilimkuta ufukweni amekaa kwenye mchanga, miguu ameinyoosha, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa ajili ya kwenda kupanda. Alikuwa amenenepa kidogo na uso umekauka kwa chumvi. Aliponitambua akataka kusimama. "Shikamoo, Bi Saumu! Karibu, karibu. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nimekuja kwako."

Nikakaa karibu naye. Nikamweleza yote: meneja, mama yangu, Athumani, na kila swali na nilichokuwa nikikitafuta kwa kila swali. Mwanzo aliendelea kufunga mwani. Nilipofika kwenye lile la mumewe, mikono ikasimama.

"Athumani aliipata lini?" akauliza.

"Wiki ile ile."

"Nilimwona karakana. Nikasema, loo, bahati yake, mimi nimeikataa." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Bi Saumu, mitumba iliponishinda, mume wangu alinisimanga. Akasema, uliyataka mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, nilitaka mwenyewe, niliamua mwenyewe, na nitaamua tena. Neno lile lilinipa nguvu, sikufichi. Nilikuja nalo huku. Siku ya kwanza ninaingia kwenye maji haya, miguu imekatika kwa mawe, nilikuwa nikijiambia, wewe ni mtu unayejiamulia." Akaiweka kamba chini. "Sasa umekuja kunichukulia na hilo."

Nikamwambia anisamehe.

"Nitakusamehe nikishajua ninachokusamehe. Leo sijui. Leo nimesikia tu."

Wanawake wengine walikuwa wameshaanza kutoka majini wamejitwika mwani. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Usingekuwa na ndugu, siku ile ungefanya nini?"

"Ulikuwa umeshasema unachokitaka. Ningekiandika."

"Kwa hiyo mtu akisema anachokitaka, kinaandikwa."

"Ndiyo."

"Basi niulize."

"Nikuulize nini?"

"Niulize nataka nini. Usiniulize habari za mama, mama amekufa. Wala mume. Niulize hilo tu."

Nikamuuliza. "Mwanaharusi, unataka nini?"

Alitazama maji. Midomo yake ilifunguka mara moja kama mtu anayetaka kusema, ikafunga. Akavitazama viganja vyake. Nilingoja. Nimengoja majibu ya watu maisha yangu yote na sijapata kungoja kama siku ile.

"Zamani nilikuwa najua," akasema. "Ungeniamsha usingizini ningekwambia. Sasa sijui."

Maji yalikuwa yanaanza kujaa. Akanyanyuka, akakung'uta mchanga kwenye kanga, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado.